Chupa ya Mita Themanini

Jumatano asubuhi Sajenti Hildegardi Kapinga alikuwa amebakiwa na siku moja tu, na hiyo nayo ilikwishaanza kuliwa. Kesho yake alfajiri Landrova ya polisi ingeshuka kutoka Mbinga kumchukua Edmund Ndimbo, mlinzi wa kituo cha utafiti wa ziwa hapa Mbamba Bay, akasomewe shtaka la wizi wa injini ya boti. Hildegardi ndiye aliyemkamata Jumapili. Na ndiye huyo huyo ambaye tangu jana hakuwa tena na hakika kama alimkamata mtu anayestahili. Jambo hilo lilimkera kama punje ya hindi iliyokwama kwenye jino.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Jumamosi ya tarehe nane Julai, mchana kweupe, injini mpya iliyokuwa bado kwenye sanduku lake la mbao ilitoweka stoo. Kufuli halikuvunjwa. Funguo zilikuwa mbili: moja ya Edmund, moja ya Bwana Ildefonsi, fundi wa maabara anayechota maji ya uchunguzi. Mkuu wa kituo, Daktari Rosemary Mbunda, alikuwa Dar es Salaam tangu mwisho wa Juni. Na tangu serikali ilipofungulia biashara huria, kila mwenye mtumbwi akiota kuvuka ziwa na usipa wake, dagaa wa huku, bila kupiga kafi, injini mpya mwambao huu ilikuwa na wachumba wengi kuliko binti wa mwalimu.

Edmund alisema hivi: siku ile mdogo wake, Sista Scholastica, alirudi nyumbani baada ya kuweka nadhiri, na parokiani kulikuwa na misa ya shukrani. Baba yao ni marehemu, hivyo kaka ndiye aliyepaswa kumshika mkono na kumkabidhi mbele ya altare. Ildefonsi akamwambia, nenda, mimi nipo hapa mpaka urudi.

Ildefonsi alisema vingine. Hakumruhusu mtu kwenda popote. Yeye saa tano aliingia ziwani na boti kuchota sampuli za mchana, akarudi saa nane, na alimwacha Edmund getini. Kama mlinzi aliondoka baada ya hapo na kuwaachia wenzake mlango, hilo waulizwe wao.

Kina mama waanikao usipa kwenye mchanga waliiona boti ikitoka na wakaiona ikirudi. Kulikuwa na daftari lenye tarehe, saa na joto la maji, na chupa tatu zenye lebo safi. Mmoja alikuwa na mdomo mtupu, mwingine alikuwa na karatasi. Hildegardi aliamini karatasi, akafunga pingu.

Jumatatu na Jumanne alizimaliza kwa Blasius, mnunuzi wa usipa, ambaye Jumamosi jioni alionekana akipandisha mlima na kitu kizito kilichofunikwa turubai kwenye pikapu. Hildegardi alimfuata mpaka Kitai, akafunua turubai mwenyewe mbele ya abiria waliokuwa wakingojea basi. Ilikuwa mashine ya kumenyea kahawa. Blasius alimwuliza kwa upole kama afande angependa kuizungusha kidogo aone inavyofanya kazi. Watu walicheka.

Basi akarudi kwenye chanzo. Nje ya kituo cha polisi, Otilia, mke wa Edmund, alikuwa ameketi pale pale alipoketi tangu Jumapili, bakuli la ugali na usipa likiwa limefungwa kwenye kitambaa mapajani mwake. Hildegardi alimsalimia. Otilia alitazama bakuli.

Ndani ya mahabusu, Edmund alisimama alipomwona.

“Shikamoo, afande.”

“Marahaba. Edmund, nimekuja kukuuliza upya. Kuna mtu yeyote aliyemsikia Ildefonsi akikuruhusu?”

“Hakuna. Tulikuwa wawili.”

“Mbona unanipa mikono mitupu kila siku?”

Edmund alifikiri. Alikuwa mtu mwembamba wa miaka thelathini hivi, mwenye viganja vilivyochunwa na kamba. “Afande, zile chupa za Jumamosi, Daktari amekwishazitazama?”

“Amerudi jana usiku. Kwani chupa zina nini?”

“Mimi ni mlinzi, lakini boti ikitoka mimi ndiye mvuta kamba. Tunashusha wavu mita kumi, mita arobaini, mita themanini. Vile vijidudu vinavyoliwa na usipa vinaonekana hata kwa macho, kama pumba zinazochezacheza. Tangu Mwera, huu upepo wa kusini, uanze kuvuma, saa ya mchana chupa inayojaa ni ya themanini. Ya arobaini inatoka nyeupe. Sijui kwa nini. Lakini nimevuta ile kamba Juni nzima, mgongo wangu unajua.” Akafuta viganja kwenye suruali. “Mwombe Daktari azitazame tu. Zikiwa sawa, mnipeleke Mbinga.”

Mwizi haombi ushahidi utazamwe mara ya pili. Hildegardi alilijua hilo kwa miaka kumi na tatu ya kazi, akatoka bila kumaliza ukurasa wa daftari lake.

Kituo cha utafiti kilikuwa nyumba moja ya bati yenye harufu ya fomalini, dawa ile inayohifadhi vitu vilivyokufa visioze. Dk. Rosemary alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Ildefonsi alikuwepo pia, shati limepigwa pasi, akaleta kiti kabla hajaombwa.

“Afande karibu. Daftari hili hapa tena.”

“Asante. Leo nataka chupa.”

Zikaletwa. Rosemary alimimina matone ya chupa ya mita kumi kwenye kisahani, akainamia hadubini, akahesabu kwa kubonyeza kimashine kidogo mkononi. Kisha ya arobaini. Kimashine kililia kwa muda mrefu bila kupumzika. Kisha ya themanini, na mlio ukasikika mara moja moja, kama mvua iliyokwisha kupita inavyodondoka kwenye migomba. Rosemary aliinua kichwa, akafuta miwani, akahesabu tena.

“Ildefonsi,” alisema, “nenda ukatazame mafuta ya boti.”

Mlango ulipofungwa, alimgeukia Hildegardi. “Hizi si chupa za Julai.”

“Lebo inasema Julai.”

“Lebo imeandikwa na mtu.” Alivuta karatasi, akachora mstari wa maji. “Vijidudu hawa chakula chao kiko juu, kwenye mwanga. Lakini kwenye mwanga ndiko samaki wanakowaona. Kwa hiyo kila siku wanafanya safari: kukipambazuka wanashuka gizani kujificha, jua likizama wanapanda kula. Miaka nenda rudi.”

“Kila siku safari ile ile?”

“Hapo ndipo alipokosea huyo aliyeandika lebo.” Akachora mstari wa pili, chini ya ule wa kwanza. “Novemba, ziwa juu lina joto la kuogea mtoto, nyuzi ishirini na nane. Ukifika kama mita arobaini, maji yanabadilika ghafla yanakuwa baridi. Mdudu akikaa kwenye baridi anakuwa mzito, mayai yanachelewa. Kwa hiyo mchana anashuka mpaka kwenye ule mpaka wa joto na baridi, anasimama hapo. Hana haja ya kwenda zaidi. Sasa njoo Julai. Mwera umevuma miezi miwili, umelikoroga ziwa. Juu nyuzi ishirini na nne, chini karibu sawasawa. Mpaka umepotea. Hakuna kinachomsimamisha, naye anaendelea kushuka hadi gizani kabisa. Mwezi Juni nilihesabu mara nne. Mara zote nne, mchana, wengi walikuwa themanini.”

“Na humu wako arobaini.”

“Humu wako arobaini, wamejaa tele. Huu ni mchana wa Novemba.”

“Ildefonsi hajui haya?”

“Mradi huu ulianza Oktoba. Hii ndiyo baridi yetu ya kwanza, na hesabu ya Juni iko kwenye daftari langu, sijaisoma kwa mtu. Yeye anachota na kuandika lebo, hadubini haigusi. Anajua mchana wanashuka. Hajui kwamba mchana wa Julai si mchana wa Novemba.”

Hildegardi aliufuata ule mstari wa pili kwa kidole. Moyoni alifurahi, na mara akaogopa furaha hiyo, maana Jumapili pia alifurahi. Alinyanyuka akaiendea rafu ya ukutani ambako chupa zilipangwa kwa mwezi.

“Mbona ziko nyingi?”

“Kila sampuli tunaigawa chupa mbili. Moja inakwenda chuo kikuu, moja inabaki kwenye rafu, ikitokea ile ya kwanza imepotea njiani.”

Chupa za Novemba zilikuwa zimesogezwa karibu karibu, zikajaza nafasi vizuri. Lakini vumbi halisogezwi. Aliondoa chupa moja: nyuma ya safu, juu ya ubao, kulikuwa na miduara mitatu misafi, mikubwa kama kitako cha chupa. Hildegardi aliitazama, akarudisha chupa ilivyokuwa.

“Daktari, hakimu wa Mbinga ni mkulima wa kahawa kama mimi. Nikimwambia mdudu kasema, atanifukuza. Nataka nione kwa macho yangu. Leo, saa sita. Na kamba avute Ildefonsi.”

Kusema ni rahisi. Hildegardi alizaliwa juu, Umatengo, ambako mtu hulima ngolo, yale mashamba ya mashimo ya kuzuia maji, kwenye mteremko mkali kama ukuta bila kushika kitu, lakini bibi yake alimfundisha kwamba maji yanayozidi shimo la ngolo ni ya watu wengine. Kuogelea hakujua. Saa tano na nusu alikaa katikati ya boti, akashika mbao kwa mikono miwili, na kofia yake ya kazi akaikalia isipeperushwe. Rosemary mwenyewe alishika usukani wa injini ya zamani. Mwera ulikuwa unasukuma mawimbi mafupi yenye hasira, na kila wimbi lilimfanya sajenti amkumbuke Mungu kwa jina la mtakatifu mwingine.

“Afande hajazoea,” alisema Ildefonsi kwa huruma.

“Sijazoea. Wewe Jumamosi ulikuja peke yako kwenye mawimbi haya haya?”

“Kazi ni kazi.”

“Ukavuta mita themanini za kamba peke yako.”

“Taratibu taratibu.”

Walipofika mahali ambapo jabali la kaskazini na mnara wa kanisa vilisimama mstari mmoja, Rosemary alizima injini. Kwanza alishusha kipimajoto, akasoma: nyuzi ishirini na nne juu, ishirini na tatu na ushee chini. Kisha Ildefonsi akashusha wavu, mfuko mrefu wa kitambaa laini wenye chupa chini yake. Kamba ilikuwa na alama ya kitambaa chekundu kila mita kumi. Ilipofika alama ya nne aliuvuta wavu kidogo, halafu akaachia kijiwe cha shaba kilichoteleza kwenye kamba hadi chini na kuufunga mdomo wa wavu, ili kisiingie kitu njiani.

Chupa ya arobaini ikatoka. Hildegardi aliachia mbao kwa mkono mmoja, kwa mara ya kwanza, akaiinua juani. Maji meupe, na vidoa vitatu vinne vikizurura humo kama watu waliochelewa mnada.

“Sasa themanini.”

Kamba ilishuka muda mrefu. Kuipandisha kulichukua muda mrefu zaidi. Ildefonsi alianza vizuri, lakini kwenye kitambaa cha tatu alisimama kupumua, na kwenye cha tano ngozi ya kiganja ilipasuka. Hildegardi alikitazama kiganja hicho. Kilikuwa laini, na hakikuwa na kovu la Jumamosi wala la siku nyingine yoyote.

Chupa ikatoka majini. Haikuhitaji hadubini. Ilikuwa imejaa uhai unaochemka, mamia ya vipande vidogo vikirukaruka, vikigongana, vikipanda na kushuka ndani ya glasi. Hildegardi alisahau mawimbi. Hakuwa amefikiri kwamba kitu kinachomtetea mtu kinaweza kuwa kidogo hivyo.

“Bwana Ildefonsi,” alisema, akiwa ameinua chupa zote mbili, “za kwako zilikuwa kinyume.”

“Afande, mdudu hana saa ya mkononi. Leo yuko huku, kesho kule.”

“Leo yuko huku,” alisema Rosemary, “na Juni mara nne alikuwa huku huku.”

“Basi nilikosea lebo. Nilikuwa nimechoka. Ya arobaini niliiita ya themanini, ya themanini nikaiita ya arobaini. Binadamu hukosea.”

Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilikuwa na kona nzuri, na Hildegardi alikiri hilo kimoyomoyo. Kama angekuwa na wadudu peke yao, hapo angekwama.

“Sawa,” alisema. “Tuwaache wadudu. Kwenye rafu ya Novemba, nyuma ya chupa, kuna miduara mitatu isiyo na vumbi. Chupa tatu zimeondolewa, nyingine zikasogezwa kufunika pengo. Nikifika nchi kavu nitabandua lebo zako za Jumamosi mbele ya Daktari, kwa maji ya moto, polepole. Unafikiri chini yake tutakuta gundi ya lebo ngapi?”

Ildefonsi alikaa. Boti iliinuka, ikashuka, ikainuka tena. Alikuwa anakitazama kiganja chake kinachotoka damu kidogo.

“Boti ilionekana ikitoka saa tano,” Hildegardi aliendelea, sauti yake ikiwa ya chini, “na ikarudi saa nane. Hapa hukufika. Ulikuwa wapi saa tatu zote hizo?”

“Nyuma ya yale mawe.” Alionyesha kwa kidevu rasi iliyokuwa kusini mwao. “Kuna kibanda cha wavuvi, msimu huu hakina mtu. Sanduku nililiburuta hadi kwenye boti, nikalifunika kwa wavu wa sampuli. Mnunuzi alikuwa aje Jumapili kutoka ng’ambo. Mwera umemzuia.” Akakifunga kiganja kwa pindo la shati. “Siku hizi kila mtu anatafuta chake, afande. Watu niliosoma nao wana magari. Mimi nachota maji.”

“Na Edmund?”

Ildefonsi aligeuza uso, akatazama maji.

“Edmund ana nini, Ildefonsi? Naye alikuwa na gari?”

“Nilifikiri watamwachia tu. Hakuwa na kitu nyumbani, nilifikiri hamtapata ushahidi.”

“Ushahidi ulinipa wewe,” alisema Hildegardi, na hasira iliyompanda sehemu yake kubwa ilikuwa ya kujikasirikia mwenyewe. “Nami nikaupokea kwa mikono miwili.”

Rosemary aliwasha injini bila kuambiwa, akageuza boti kuelekea kwenye mawe. Walilikuta sanduku ndani ya kibanda, chini ya nyavu kuukuu na matete makavu, misumari yake bado mizima. Ildefonsi alilibeba upande mmoja na Daktari upande wa pili, na sajenti, aliyeshika pingu mkononi, alitembea nyuma yao akilowana hadi magotini bila kulalamika.

Njiani kurudi Rosemary aliongea kidogo. “Unajua ningezihesabu zile chupa wiki ijayo na kuandika kwamba hata Julai wanasimama arobaini? Mwaka mzima wa kazi ungekuwa na uongo katikati. Nimeahidi kuwaambia wavuvi hapa, mwaka ukikamilika, usipa wanafuata chakula hadi wapi kila msimu. Wangeshusha nyavu mahali pasipo na kitu.” Walipoukaribia mchanga akaongeza: “Na huyo Edmund ameyaona haya kwa mgongo, bila hadubini. Akitoka, nitamkalisha kwenye hadubini. Sihitaji mlinzi anayejua kitu kama hicho akae getini.”

Ilikuwa saa kumi na moja jioni Hildegardi alipofika kituoni. Habari zilikwishatangulia, maana sanduku lilipita mbele ya kina mama wa usipa, na mambo yakishafika kwao hayahitaji redio. Watu kama hamsini walisimama uani, Otilia mbele yao, amesimama sasa, bakuli mkononi. Ildefonsi alipitishwa katikati yao kimya. Koplo wa zamu alichukua funguo za mahabusu, lakini Hildegardi alimnyang’anya, akafungua mwenyewe.

Edmund alikuwa ameketi sakafuni. Alitazama viatu vya sajenti vilivyolowa.

“Umekwenda ziwani, afande.”

“Nimekwenda. Injini imepatikana, na mwenye kuiiba amesema. Ya themanini ilijaa kama ulivyosema.” Alikuwa amejitayarisha tangu kwenye boti, na bado maneno yalimtoka kwa shida, kwa kuwa katika miaka kumi na tatu ya sare hakuwahi kuyatumia. “Kaka Edmund, nilikukosea. Nilitazama karatasi, sikukutazama wewe. Naomba unisamehe.”

Edmund aliinuka taratibu, akajipangusa suruali, akavaa mkanda aliorudishiwa. Alichukua muda wake. Alipomaliza alimtazama usoni, bila hasira wala woga.

“Nimekusamehe, afande. Lakini Jumapili ulinifunga pingu mbele ya watu, mdogo wangu bado amevaa shela. Hilo neno ulilolisema humu ndani, naomba ukaliseme na nje.”

Koplo alitazama dari. Askari haombi radhi uani, hilo halikuandikwa popote lakini kila mtu kazini alilijua. Hildegardi alivaa kofia yake iliyokunjamana, akatoka mpaka ngazi ya juu, Edmund ubavuni mwake. Otilia alikuwa hatua tatu kutoka pale, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili alikuwa anamtazama machoni.

“Mimi, Sajenti Hildegardi Kapinga, nilimkamata Edmund Ndimbo kwa kosa ambalo hakulifanya,” alisema. “Yeye alisema kweli tangu siku ya kwanza. Mimi ndiye niliyekosea, na ninaomba radhi kwake, kwa mke wake, kwa mdogo wake Sista Scholastica na kwa ninyi nyote.”

Halafu kutoka mwisho wa umati, karibu na ua, mama mmoja mwenye magamba ya usipa hadi kwenye viwiko akapaza sauti.

“Huku nyuma hatujasikia.”

Hildegardi alivuta pumzi, akajaza kifua, akarudia yote tangu mwanzo.